Kwale Asiyelipiwa

Jiwe hili unaloliegemea, mgeni,
si jiwe la zizi.
Inua taa. Pangusa vumbi la samadi kwa kiganja,
usiogope, ng'ombe wetu ni wapole.
Umeuona mdomo?
Kwale anadonoa zabibu.
Amekuwa akidonoa tangu kabla ya bibi wa bibi yangu
na kichala bado hakijaisha.

Bibi Horomsima alinisimulia hivi,
naye alisimuliwa akikanda unga,
kwa hiyo chumvi imo, kiasi:

Kanisa lilikuwa kule juu, penye miiba sasa.
Mtawala aliagiza misalaba na akailipia,
fahali mmoja kwa kila msalaba uliochanua majani,
gunia la shayiri kwa kila komamanga,
na kwa sura yake mwenyewe, ameshika kanisa dogo mkononi
kama mtu anayepima tikiti sokoni,
alitoa shamba zima la mizabibu.
Mchongaji aliitwa Vetsik. Au Hovasap.
Bibi alibadilisha jina kila majira ya baridi.
Kilichobaki ni alama yake, hii hapa ubavuni:
kimundu, na nukta.

Jiwe la kwetu likitoka machimboni ni laini
kama jibini la siku tatu.
Kisha upepo hulipitia, nalo hukaza moyo.
Basi alikimbizana nalo. Alisokota nyuzi za jiwe,
uzi chini ya uzi, uzi juu ya uzi,
pasipo ncha ya kufumulia,
fundo ambalo shetani mwenyewe, na kucha zake zote,
angeketi chini akalia.
(Mama alikataa. Shetani hakulia, alisema,
alikwenda kufungua duka la mazulia.)

Mwishoni akapanda jukwaa mpaka chini ya paa la kuba,
mahali pa njiwa na theluji,
jicho la mtu halifiki.
Siku tisa hakushuka.
Msimamizi akapaza sauti: Unafanya nini huko?
Kwale.
Nani ameagiza kwale?
Hakuna.
Na nani atamwona?
Nyundo ndiyo iliyojibu: tk, tk, tk.

Kwenye daftari la monasteri wakaandika:
siku tisa, si kitu.

Nilipokuwa mtoto nilimwona mjinga.
Sasa nina miaka sitini na miwili.
Niliwahi kutarizi ua upande wa ndani
wa soksi za mume wangu,
wala hakuliona,
hata siku aliyozikwa nazo.

Kisha ardhi ikatikisika.
Si ile ya utoto wangu. Ya zamani zaidi.
Misalaba ikapasuka. Mtawala akapoteza kichwa,
na lile kanisa dogo likamponyoka mkononi.
Makomamanga yakawa ngazi za kinu,
tunayakanyaga mpaka leo tukienda kusaga.
Lakini kwale, aliyekuwa juu kuliko wote,
alianguka mbali kuliko wote,
akatua kwenye rundo la samadi la wazee wetu
bila kupoteza hata unyoya.

Wakamjenga hapa, kimo cha ndama,
kimo cha mtoto.
Ndama hujikuna kwake, ndiyo maana shingo inang'aa.
Wanangu walijifunzia hesabu kwenye kichala chake:
kumi na saba. Ya kumi na nane iko mdomoni.

Walikuja watu wa makumbusho na karatasi zao.
Watamweka nyuma ya kioo, walisema, kwenye mwanga safi,
kila mtu amwone.
Nikawaambia nitafikiri. Bado nafikiri.

Wakati huohuo, kila vuli tukishapura,
namwekea konzi tisa za shayiri pale kwenye ukingo.
Panya ndio wanaokula, najua.

Shika taa vizuri, usimulike machoni.
Huyu wa kushoto atazaa usiku huu.