Tango la Seorak

Tulianza saa tisa usiku, taa vichwani,
Boram mbele, Gyuwon akihesabu ngazi
hadi elfu moja mia mbili, akaacha.
Mimi nyuma, viatu vya kuazima,
kiganja kimeganda kwenye mnyororo wa chuma.

Kiwandani nilijigamba: kwetu kuna milima.
Sikusema niliiona kupitia dirisha la basi.

Kulipopambazuka wakatupita wanawake watano
wa rika la shangazi zangu,
kofia pana, midomo imepakwa rangi,
redio ndogo ikiimba mfukoni.
Mmoja akasita. Nilikuwa juu ya jiwe
kama gunia lililoshushwa njiani.
Akatoa tango mkobani, akalivunja vipande viwili,
akatamka neno ninalolijua kutoka kantini:
kula.
Nikala na maganda yake. Maji yakashuka kooni
mpaka magoti yakapata habari.

Kileleni, ukungu mtupu.
Bahari iko kule, wakanionyesha kwa vidole.
Nikaamini, kama ninavyomwamini mama
anaposema kwenye simu kuwa mguu umepona.

Wakati wa kushuka Gyuwon akanicheka,
mapaja yananitetemeka kama ya ndama aliyezaliwa jana.
Nikawafasiria: kupanda mchongoma,
kushuka ndiyo ngoma.
“Mchongoma ni nini?” Boram akauliza.
Mti. Una miiba.
“Na ngoma?”

Nikalitafuta neno ngazi arobaini nzima,
kwa Kikorea changu cha zamu ya usiku.
Sikulipata.
Nikasimama, nikawaonyesha magoti.