Mstari wa Jina

Fomu ilifika Piki kwa pikipiki,
kurasa kumi na moja, muhuri wa buluu:
Mfuko wa Ubunifu kwa Ukuaji Jumuishi.
Neno "jumuishi" Bikombo alilionja kama mchuzi.
"Hili limetiwa chumvi, au bado?"

Mwenye kalamu ni mimi, niliyesoma Chake miaka miwili
nikarudi na cheti na deni.
Nikakaa juu ya gunia, nikauliza kama fomu iulizavyo:
Jina la kampuni. Hatuna.
Namba ya mlipakodi. Hatuna.
Eleza teknolojia yako kwa maneno yasiyozidi mia moja.

Akacheka. Andika basi:

vuli ile mvua haikukatika siku tisa,
karafuu zikavundia kwenye majamvi,
zikapauka kama kucha za maiti,
kituoni wakazitia daraja la mwisho.
Ndipo tukalibeba jokofu bovu la marehemu Asaa,
tukalitoa moyo, tukalitia mapafu:
feni ya gari, bati lililopakwa masizi,
na chini moto wa makonyo yasiyopata mnunuzi.
Siku tano zikawa usiku mmoja na nusu.

Nikahesabu. Hamsini na moja.
Yaliyobaki hatukuyahitaji.

Kisha ukurasa wa tatu: Jina la mbunifu.
Mstari mmoja, mfupi kuliko kidole gumba cha mchumaji.

Bikombo akanyamaza.
Faki Ngwali ndiye aliyechomelea,
hakutaka ujira ila karafuu zake zitangulie.
Mkasi ndiye aliyesema hewa itokee juu, si ubavuni,
kwa kuwa ndivyo lipumuavyo tanuri lake la mikate.
Kijana wake, yule asiyesema, ndiye aliyeokota feni.
Na wachumaji walitoa pishi moja moja, tukapata betri.
"Miye," akasema, "n'lileta hasira tu."

Nikamwambia: sera inamtaka mtu mmoja.
Mkiwa wengi ni kikundi, kikundi kina fomu yake,
fomu yake inataka katiba,
katiba inataka mwanasheria, na mwanasheria yuko Unguja.
"Na Unguja inataka nauli," akamalizia.

Akanipokonya kalamu.
Majina yakajaa mstari, yakapanda ukingoni
kama watu juu ya mkarafuu,
la mwisho likakanyaga muhuri.

Kule Wete kompyuta ikajibu: sehemu hii hupokea jina moja.
Ofisa si mtu mbaya. Aliichapisha fomu,
akaitazama sana, akaitia kwenye saraka
pamoja na nyingine zilizofurika.

Hapa mvua imeanza tena.
Mlangoni mwa jokofu kuna zamu, kwa chaki:
usiku wa nani, pishi ngapi.
Jana kaongezwa mjane wa Kiuyu,
hana hata mkarafuu mmoja, anakausha pilipili.
Jina lake limebanwa chini, karibu na bawaba,
lakini limeingia.

Mlango umejaa.
Faki anatafuta mlango mwingine.