Gramu Arobaini

Gari la rimoti la Keverenge lilikuwa jepesi mno.
Likifika nusu ya mwamba, pua juu,
lilisita, kama mgeni aliyesahau jina la mwenyeji,
kisha chali,
magurudumu manne yakikuna hewa.

Tukalifunga betri kuukuu mgongoni.
Likaanguka mapema zaidi.
"Mzigo wa kichwani," alisema mama yake
bila kuinua macho kwenye kokoto,
"huujui mpaka uteremke Mung'oma na debe."

Basi tukaenda Luanda, kwa Asava wa pancha,
kuomba risasi za kusawazishia magurudumu,
zile zilizobanduliwa kwenye rimu za malori.
Tukazikata kwa koleo, tukazipima
kwenye mizani ya omena ya Bi Kageha:
arobaini kila gurudumu la mbele,
ishirini nyuma.
Gundi ilitushika vidole hadi usiku.

Likapanda.
Si kwa kasi. Lilinyata,
likipapasa kila ufa kabla ya kuuamini,
mota ikinuka moto.
Nyundo ya mama ikanyamaza kidogo.

Ijumaa lori la mawe likaja.
Mwamba ule ulikuwa umeshapasuliwa,
ukapakiwa kwa karai, ukaenda Kisumu
kuwa sakafu ya mtu.

Keverenge hakulia.
Aliokota chenga palepale uliposimama,
akafungua gurudumu la mbele, la kushoto,
akang'oa risasi,
akazijaza chenga, akapima upya.

Thelathini na nane.

"Zinatosha," akasema,
akatazama mlima, akitafuta mwingine.