Maelekezo ya Mlinzi kwa Sijaona

Weka bakuli hapo juu ya debe, Sijaona,
halafu zima kurunzi.
Macho nayo yana zamu:
yape robo saa yatoke kazini.

Anza upande wa Shimo la Mungu,
pale Newala inapokatika ghafla
na bonde la Ruvuma linaanza kupoa.
Ule pale. Mwezi wa siku tatu,
umelala chali kama kata juu ya mtungi.
Usiniulize mbona kitabuni umesimama wima.
Aliyeuchora anaishi kwingine.

Hauna taa yake.
Unakopa kwa jua, unatugawia sisi,
na mkopo huo hauna stakabadhi ghalani,
hauna makato, hauna mnada wa Ijumaa.
Kesho utachelewa kutua, dakika hamsini hivi,
keshokutwa hamsini nyingine,
kama Nandonde, karani wetu wa mizani,
ila wenyewe hautoi visingizio.

Lile pande la giza, litazame tena.
Si giza tupu. Lina kijivu cha jivu la asubuhi.
Jua limeipiga Dunia,
mwanga umeruka hadi kule ukarudi machoni mwako.
Yaani sisi nasi ni mbalamwezi ya mtu,
kama kule kungekuwa na mtu.

Umeleta mbaazi?
Nilisema moja, wewe umeleta kibaba.
Haya, nyoosha mkono, fumba jicho moja.
Punje moja imeufunika wote.
Siku ukiwa mpevu, ukachomoza nyuma ya mikorosho
mpana kama sinia la harusi,
watu wakaanza kusema leo umesogea,
wewe toa punje yako.
Itautosha vilevile.
Ukubwa ule uko vichwani mwetu.

Darubini hii niliinunua mnadani, elfu kumi na mbili,
jicho la kushoto lina ukungu.
Tumia la kulia.
Egemeza viwiko kwenye ukuta wa ghala,
maana hata mapigo ya moyo yanautikisa mwezi.

Na usingoje uwe mpevu, hapo ndipo wengi hukosea.
Njoo siku ya saba, ukiwa nusu,
ukiwa utosini wakati wa magharibi.
Fuata mpaka wa nuru na giza.
Unajua bodaboda atokaye Kitangari usiku,
taa yake inavyolala chini chini,
kila kokoto likavuta kivuli kirefu,
kila shimo likakiri?
Saa sita mchana barabara hiyohiyo hujifanya laini.
Mwezi nao ni hivyo.
Mashimo yake ni makovu ya mawe yaliyotoka angani,
na hakuna masika ya kuyafukia.

Mabaka meusi si maji,
ingawa watu wa zamani waliyaita bahari.
Ni miamba iliyoyeyuka, ikatandaa, ikaganda.
Bibi yako aliona hapo mwanamke na kinu.
Mimi naona kuku anaatamia.
Wewe usikubali haraka.

Unasema nini? Mgongo wake?

Simama. Nizunguke polepole,
uso wako usiniache hata hatua moja.
Pita kwenye magunia, pita mlangoni, angalia debe,
nami nageuka nawe hapa kwenye kigoda.
Haya, umemaliza duara.
Umejizungusha mara moja, umenizunguka mara moja,
na kisogo chako sijakiona.
Mwezi unatufanyia hivyo kila mwezi,
tangu kabla hapajawa na mtu wa kuutazama.

Akacheka, akachukua bakuli.
"Nimesukwa leo, mjomba.
Tangu nifike hujasema kitu."

Akaondoka kwa njia ya mihogo.
Nikawasha kurunzi, eti kumwonyesha njia:
mistari minane, imekutana shingoni,
na ushanga mmoja mwekundu
ukienda, ukienda, ukapotea kwenye kona ya josho.