Saa ya Mgeni

Saa tano za usiku, Ngamiani, barabara ya kumi na nne.
Kioo kinasema ishirini na tatu kamili.
Nimezoea. Mashine huhesabu tangu usiku wa manane,
sisi tangu jua lichomoze,
na tofauti hiyo haijawahi kumuua mtu.

Picha ya kifua cha mtoto imepigwa Bombo,
msomaji wake yuko Lushoto.
Vipande elfu tisa, na redio ya mlimani
ina kidimbwi cha kushika kumi na tano tu.
Vikija kimoja nyuma ya kingine, vinapita.
Vikija kwa fujo, kama watu mlangoni siku ya sukari,
vinamwagika, vinatumwa upya, vinamwagika tena.
Dakika arobaini sasa. Lushoto wameona mbavu sita
na kijivu.

Mama yangu, Nesi Mwanamkasi,
alibandika saa kifuani kichwa chini
ili yeye aione wima.
Alihesabu matone, ishirini kwa dakika,
dole gumba kwenye kigurudumu cha mpira.
Wahenga walisema chururu si ndo! ndo! ndo!
Mama alisema wahenga hawakuwahi
kutundika dripu ya mtoto.

Basi kazi yangu ni ndo, ndo, ndo:
kipande,
kimya cha mikrosekunde mia mbili,
kipande.
Kimya hicho hakipimwi kwa kope.
Kinataka saa ya chuma,
fuwele inayotetema chini ya bati.

Na mashine yangu si chuma. Ni mashine pepe.
Neno lenyewe hunichekesha: kule Maramba
bibi alipopepeta mpunga
pepe ndilo lililoruka,
ganda lisilo na kiini.
Inakaa ndani ya mashine nyingine, mgeni
kati ya wageni kumi na wawili wa chumba kimoja.
Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Mimi siku ya tatu nilimuuliza:
una saa?

Akanifungulia orodha.
Usahihi: nano moja.
Loo! Nano moja, kwa sauti ya mtu aliyeshiba.
Ila nguo ya kuazima haisitiri matako.
Nikamwambia: lala mikrosekunde mia mbili, uamke.
Lala, uamke. Mara elfu kumi.
Nikaandika kila kuamka.

Mia mbili na tatu.
Mia mbili na moja.
Mia mbili na tano.
Elfu nne na kumi.
Mia mbili na mbili.

Pale.

Pale mwenyeji alimfumba macho, akampa mwingine zamu,
na mgeni wangu akaamka hajui kama alipitiwa,
akakuta vipande ishirini vimejazana mlangoni,
akavisukuma vyote kwa pamoja, chururu.
Hakusema uongo. Saa anayo.
Asichonacho ni ruhusa ya kuitazama.

Nikampigia Semboja, mwenye funguo za mwenyeji.
Alipokea na mto mdomoni.
"Milisekunde nne tu, dada?"
"Nne tu."
Nikasikia feni yake ikizunguka.
"Haya. Nampa kiini chake peke yake, asigawane na mtu.
Mpaka saa moja." Akakata.

Mia mbili na moja.
Mia mbili na mbili.
Mia mbili na moja.
Sikungoja zitimie elfu kumi. Nilituma.
Sekunde mbili hazikufika, nami midomo inacheza
ndo, ndo, kama niko wodini
nimeshika sketi nyeupe ya mtu.

Lushoto wakajibu: mbavu zote,
na kivuli chini ya ile ya saba, kulia.
Sikuendelea kusoma. Si yangu.

Zimebaki picha kumi na nane kwenye foleni.
Kioo kinasema sifuri, dakika hamsini na mbili,
na ndiyo kwanza nafikiri:
saa moja aliyosema Semboja,
ni ya kwetu
au ya mashine?