Ziwa Halikupwi

Jumapili ya kwanza baada ya mtihani wa mifupa
Minza alinigongea mlango wa bweni kwa kiatu:
"Echata, amka. Miezi saba uko Mwanza
na unaijua kwa dirisha tu."

Kweli. Toka kilima cha Bugando niliijua hivi:
mabati, mawe, mabati, mawe,
na nyuma yake kitu cha buluu nilichokiita bahari
hadi wakachoka kunisahihisha.

Tukashuka wanne. Minza, mzaliwa wa Magu.
Luhende, miwani yake imefungwa kwa plasta.
Byamungu wa Bukavu, ndani ya suti
(suti, jamani, kwenda kutazama swala),
na mimi wa Moroni, maandazi sita
kwenye mfuko wa koti la maabara.

Kila tuliyempita Minza alimsalimia Kisukuma.
Nikaokota neno moja, mwangaluka,
nikampa mama muuza karanga.
Akanijibu, kisha akaendelea, akaendelea,
nami nimesimama kama mtu aliyebisha hodi
akafunguliwa nyumba ya wengine.

Gati la kwenda Saa Nane lina dirisha la tiketi,
na ukutani bei ya raia, na bei ya mgeni iliyonona.
"Raia wangapi?" kijana hakuinua kichwa.
"Wanne," alisema Minza, upesi, kama anameza kidonge.
Tiketi nne zikapita chini ya kioo.
Ningenyamaza tu. Lakini adabu niliyoinyonya
ikanitangulia mdomoni:
"Marahaba."

Akainua kichwa.
"Dada, nimekuamkia saa ngapi?"

Kwetu ni asante. Kwao ni mkubwa kupokea shikamoo.
Kwa neno moja nikawa mgeni, na bibi kizee pia.
Luhende alicheka hadi plasta ikabanduka.
Byamungu, badala ya kujificha, akanyoosha tai:
"Na sisi Wakongo je? Si tumeshaingia Jumuiya?"
Kijana akakuna kichwa. Akamwita mkubwa wake.
Mkubwa naye akakuna kichwa.

Tukamwaga mifuko yetu pale dirishani,
noti za Minza zimekunjwa ndogo kama hirizi,
hata sarafu za Luhende za kurudia bwenini.
Hakuna aliyesema "utanilipa".
Sato wa mchana tuliyemwota wiki nzima
akaogelea akaenda zake.

Kisiwani pimbi walitukodolea toka juu ya mwamba
kama wasimamizi wa mtihani.
"Huyu ni ndugu wa tembo," alisema Luhende.
"Ndugu wa upande gani?" aliuliza Byamungu,
naye amekaa juu ya gazeti, suti isichafuke.
Mjusi kichwa chekundu, mwili wa samawati,
alipiga pushapu mbele yetu, akaondoka bila kuaga.
Andazi moja na nusu kila mtu.
Swala hawakuona suti.

Jioni, ng'ambo ya Jiwe la Bismarck,
dagaa wa kukaanga ndani ya karatasi moja,
vidole vinne vikigombana kwa heshima.
Nikavua ndala, nikaziweka ukingoni mwa maji,
nikaonja. Hayana chumvi. Bado sijazoea.
"Yanakupwa saa ngapi?" niliuliza.
"Nini?"
"Maji. Yanaondoka saa ngapi?"

Wakatazamana.
"Yaende wapi?" alisema Minza.

Kwetu bahari huondoka mara mbili kwa siku,
na wanawake hushuka kuokota ilichoacha.
Nilikua nikijua kwamba kila kilicho kando yangu
kina saa yake ya kurudi nyuma.
Sikuwaambia. Nilikaa nikizitazama zile ndala
mpaka taa za Kamanga zikawaka,
mpaka Byamungu akavua koti, akaanza kulalamikia miguu,
maana nauli tulikwisha iingiza kisiwani
na kilima cha Bugando hakipandwi kwa kicheko.

Maji yalikuwa palepale.
Ndala moja ilikuwa imeloa kidogo, kwa wimbi la boti.
Nikaivaa hivyo hivyo,
ikawa inalia chwa, chwa, njia nzima.