Kurasa za Nyuma

Madaftari arobaini na moja mezani,
jiko la mkaa miguuni, dirisha limezibwa na ukungu,
Bulongwa nzima imejifunika blanketi.
Nasahihisha insha: "Siku Nisiyoisahau."
Jua limechomoza kwa madaha mara thelathini,
ndege thelathini wametumbuiza matawini,
katika kijiji ambacho mwezi huu wote
jua tunalisikia kwa wenye redio.

Edina Mbogela naye kachomoza la kwake.
Kumi na mbili kwa ishirini. "Jitahidi."
Kisha daftari likaniponyoka,
likaanguka kifudifudi, likafunguka nyuma,
na huko nyuma, juu chini, kwa penseli,
alikuwapo mtu mwingine:

*bibi anakohoa kama anayepasua kuni mbichi
leo mnunuzi wa makambako kajaza lumbesa
kapanda juu ya gunia kashindilia kwa kisigino
na baba anacheka naye, kwa nini baba anacheka
sabuni aliyonipa mama sijaiogea
naifungua nanusa narudisha*

Halafu neno moja, limekatwa mara nne
hadi karatasi ikatoboka.

Hakuna nukta. Hakuna herufi kubwa.
Kalamu nyekundu ikaniwasha vidoleni.
Nilisoma mistari sita.
Nilipaswa kusoma sufuri.

Maana mimi pia niliwahi kuwa na la kwangu.
Patroni alilikuta chini ya godoro,
akalisoma mstarini, mbele ya kaptula mia nne:
ukurasa wa njaa, ukurasa wa kukojoa kitandani,
ukurasa wa Faraja wa kidato cha pili.
Walicheka hadi kengele ikalia.
Tangu siku hiyo naandika sentensi safi,
zimefuliwa, zimepigwa pasi,
na hakuna aliyewahi kuzivaa.

Nikalifunga. Sikuweka vema, sikuweka kosa.

Jumatatu nikawaambia: andikeni nusu saa.
Sikusanyi.
"Mwalimu, kichwa cha insha?"
Hakuna.
"Maneno mangapi?"
Yatakayotoka.
"Na kwenye mtihani itakuja?"
akauliza Osmundi, ambaye babake ameuza ng'ombe kwa ajili ya ada,
na jibu la ng'ombe yule sikuwa nalo.
Walinitazama kama niliyeingia darasani pekupeku.
Mmoja akainamisha kichwa. Wa pili akaziba kwa kiwiko.
Kisha ikasikika ile sauti ndogo,
panya kwenye ghala la ngano,
wengi, wana haraka, hawataki kuonekana.

Nami nikageuza kitabu cha mahudhurio,
ukurasa wa mwisho, juu chini.
Nikaandika: Faraja.
Nikakwama hapo.

Mwezi wa nane, insha tena, mkaa tena.
Jua bado linachomoza kwa madaha,
sasa mara ishirini na kitu; Osmundi kalichomoza mara mbili
katika aya moja, nami nimempa kumi na tano.
Kwa Edina halikuchomoza.
Edina ameanza hivi, kwa wino, kwa herufi kubwa,
upande wa mbele, ambako kila mtu anaruhusiwa kupita:

"Bibi alikohoa kama anayepasua kuni mbichi.
Siku aliponyamaza
ndipo tulipojua kuni zimekwisha."

Kalamu nyekundu nimeiweka chini.
Nimeinuka, naongeza mkaa.